Marubani wa Wikendi: Uchambuzi wa Kisa cha Vikosi 602 na 603, Oktoba 16, 1939

Oktoba 16, 1939 ilikuwa Jumatatu. Kama vita isingeanza wiki sita kabla, Patrick Gifford angekuwa ofisini kwake Castle Douglas, mji mdogo wa kusini mwa Uskoti, akipekua mafaili ya wateja, maana kazi yake ilikuwa uwakili. George Pinkerton angekuwa shambani kwake Renfrewshire. Archie McKellar, mfupi wa kimo lakini mwepesi kama mshale, angekuwa kwenye moja ya majengo ya Glasgow alikokuwa akifanya kazi ya kupiga lipu. Mchana huo wote watatu walikuwa angani juu ya ghuba ya Forth, mashariki mwa Uskoti, kila mmoja ndani ya ndege yake ya kivita ya Spitfire, wakizifukuza ndege za Kijerumani zilizokuja kuzipiga manowari za Uingereza. Jioni ilipoingia, ndege mbili za adui zilikuwa chini ya maji. Zilikuwa za kwanza katika vita ile kudunguliwa na ndege za kivita za jeshi la anga la Uingereza juu ya pwani ya nchi hiyo, na za kwanza kabisa za adui kuangushwa na Spitfire.

Waliozidungua hawakuwa wanajeshi wa kudumu. Gifford alikuwa wa Kikosi Na. 603 (Jiji la Edinburgh), Pinkerton na McKellar wa Kikosi Na. 602 (Jiji la Glasgow), vyote viwili vya Jeshi la Anga la Akiba. Hadi mwisho wa Agosti mwaka huo walikuwa marubani wa jioni na wikendi tu.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushujaa: raia wamevaa sare, wamewapiga wataalamu. Ujasiri walikuwa nao, sina ubishi. Ila ujasiri hauelezi ilikuwaje wakili akawa na ndege yenye mbio kuliko ya mtu anayeruka kwa mshahara. Msomaji wa Tanzania akisikia jeshi la akiba, picha inayomjia haraka ni mgambo kwenye gwaride la wilaya na bunduki yake ya mazoezi. Nchi nyingi ndivyo zilivyo: silaha mpya huenda kwa jeshi la kudumu, makombo huenda kwa akiba. Uingereza nayo ilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Kisha Mei 1939 ikafanya kinyume: Kikosi 602 kikapewa Spitfire wakati vikosi kadhaa vya kudumu bado viko kwenye foleni. Kwangu mimi kisa cha Forth kinaanzia kwenye uamuzi huo wa ofisini.

Wazo ambalo wengi hawakuliamini

Aliyelishikilia wazo la kuwa na vikosi vya anga vya akiba alikuwa Hugh Trenchard, mkuu wa jeshi la anga baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na askari wake wa akiba tangu zamani, naye akaona hakuna sababu anga lisiwe na wa kwake. Wapinzani walikuwa na hoja ya maana: bunduki unaweza kumfundisha mtu Jumamosi, lakini ndege? Rubani anayeruka mara moja kwa wiki atajiua mwenyewe kabla adui hajamwona.

Sheria ilipita mwaka 1924, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika, yakafanywa majaribio mawili kwa pamoja. Vikosi vya mfululizo wa 500 vilikuwa na askari wa kudumu wengi ndani yake, na kamanda naye akawa wa kudumu. Vya mfululizo wa 600 vilikuwa vya raia hasa: kamanda raia, marubani raia, mafundi raia, pamoja na maofisa na wakufunzi wachache tu wa kudumu wa kuvishika mkono. Jaribio la pili ndilo lililoshinda. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 vikosi vya 500 vilikuwa vinamezwa na mfumo wa 600.

Kikosi 602 kilizaliwa Septemba 12, 1925 katika kiwanja cha Renfrew, cha kwanza kabisa katika mfululizo wake. Kikosi 603 kilifuata Oktoba 14 mwaka huohuo, Turnhouse, nje kidogo ya Edinburgh. Vilianza na DH.9A, ndege za mbao na turubai zilizobaki kutoka vita iliyopita, na kazi yao ilikuwa kurusha mabomu mchana. Jioni za katikati ya wiki watu walikutana mjini kwa masomo ya injini, redio na ramani. Watu wa 603 walikuwa na jengo lao Learmonth Terrace. Wikendi waliruka. Kiangazi walikwenda kambi ya wiki mbili, wengi wao wakiikatia kambi hiyo likizo yao ya mwaka.

Kulikuwa na matabaka, tusifichane. Marubani walitoka kwenye familia zenye uwezo au kazi za heshima: mawakili, wafanyabiashara, watoto wa wenye viwanda. Waliolala chini ya injini wakiwa na spana mkononi walitoka kwenye karakana na viwanda vya Glasgow, mji uliokuwa ukitengeneza meli na garimoshi kwa nusu ya dunia. Historia huwataja kwa pumzi moja na kupita, nami naona hapo inakosea. Kijana aliyeshinda wiki nzima akichonga vyuma kwa vipimo vya nywele hakuwa mgeni wa injini ya ndege alipofika kiwanjani Jumamosi. Upande wa ufundi, kikosi cha akiba katika mji wa viwanda kilianza na mtaji ambao jeshi la kudumu lililazimika kuutengeneza darasani.

Hoja ya Trenchard ilipata tangazo lake kubwa mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Aprili 3, 1933 ndege mbili za Westland ziliruka kutoka Purnea, India, zikapita juu ya kilele cha Everest kwa mara ya kwanza katika historia. Rubani wa moja alikuwa Lord Clydesdale, kamanda wa 602, ambaye wakati huohuo alikuwa mbunge. Wa nyingine alikuwa David McIntyre, wa 602 vilevile. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuwaita watu hawa wacheza michezo. (Clydesdale ndiye aliyerithi cheo cha Duke wa Hamilton, na ndiye aliyeulizwa na Rudolf Hess, naibu wa Hitler, aliposhuka na mwavuli huko Uskoti Mei 10, 1941. Hicho ni kisa kingine, kina vumbi lake.)

Miezi michache ya kubadilishwabadilishwa

Kadiri vita ilivyosogea ndivyo wizara ilivyovigeuza vikosi hivi. 602 kiliachishwa mabomu mwaka 1938, kikapelekwa kusaidiana na jeshi la nchi kavu kwa ndege za Hector. Januari 1939 kikaambiwa sasa ni kikosi cha ndege za kivita, kikapewa Gauntlet, ndege ya mabawa mawili yaliyopandana, rubani kichwa nje kwenye upepo. Mei zikaja Spitfire.

Pima mruko huo. Gauntlet haikuwa na magurudumu ya kukunja, wala kifuniko juu ya kichwa cha rubani. Spitfire ilikuwa na bawa moja, ilikwenda zaidi ya kilomita 550 kwa saa, ilibeba bunduki nane kwenye mabawa, na pua yake ndefu ilimziba rubani asiione njia mbele yake akiwa bado ardhini. Risasi zake ziliisha kwa takriban sekunde 15 za kubonyeza kitufe. Watu wa 602 walijifunza mnyama huyo kwa wikendi za Mei, Juni na Julai, hadi walipoitwa jeshini moja kwa moja mwishoni mwa Agosti. Wa 603 walikuwa na muda mfupi zaidi. Spitfire zao zilifika Septemba, vita imeshatangazwa, na siku ya Forth wengine walikuwa nazo kwa wiki chache tu.

Kikosi cha anga hakigeuzwi namna hiyo bila msingi. Hapa nadhani kambi za kiangazi na jioni za Learmonth Terrace zililipa: watu walikuwa pamoja kwa miaka, wanaijua sauti ya kila mmoja kwenye redio, wanaijua pwani yao bila ramani. Kilichokuwa kigeni ni ndege peke yake.

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia Oktoba 14 nyambizi ya Kijerumani U-47 ilijipenyeza Scapa Flow, kaskazini kabisa mwa Uskoti, ikaizamisha manowari Royal Oak na watu zaidi ya 800. Manowari za Uingereza zikawa zinatafutwa kila hori. Asubuhi ya Oktoba 16 ndege za upelelezi za Heinkel zikaonekana juu ya Forth, na marubani wa 602, waliokuwa wamehamia kiwanja cha Drem siku chache tu kabla, wakazifukuza bila kuzipata. Zilirudi na habari kwamba manowari kubwa Hood iko Forth.

Mchana, kutoka Westerland kwenye kisiwa cha Sylt, zikaondoka Ju 88 kumi na mbili hivi za kikosi cha KG 30, kiongozi wao Hauptmann (kapteni) Helmuth Pohle. Ju 88 ilikuwa ndege mpya, fahari ya Ujerumani, nyepesi kwa mwendo na inayoweza kushuka wima ikilenga meli. Hazikuwa na ndege za kuzisindikiza, maana hakuna ndege ndogo ya Kijerumani iliyoweza kufika Uskoti na kurudi. Tena waliambiwa hazihitajiki: wapelelezi wa jeshi la anga la Ujerumani waliamini Uskoti hakuna Spitfire.

Kulikuwa na amri nyingine juu ya hiyo, kutoka kwa Hitler mwenyewe. Wakati huo hakutaka raia wa Uingereza wauawe. Meli ikiwa imeshaingia gatini, isiguswe. Pohle alipofika juu ya Rosyth, bandari ya wanamaji, akaiona meli kubwa aliyoifuata, iko bandarini. Akaiacha. Akageukia manowari zilizotia nanga nje, karibu na daraja la reli la Forth: Southampton na Edinburgh, za ukubwa wa kati, kisha Mohawk, ndogo iliyokuwa ikiingia ghubani.

Huku chini hakuna king'ora kilicholia. Kituo cha rada cha Drone Hill, kilichopaswa kuziona ndege zile zikiwa bado mbali baharini, kilikuwa kimezimika kwa hitilafu. Habari zikawategemea watu wenye darubini. Treni iliendelea kuvuka daraja na abiria ndani, na watu wa ufukweni wakasimama kutazama wakidhani ni mazoezi.

Pohle aliposhuka kuilenga Southampton, sehemu ya kifuniko cha chumba chake cha rubani ilichomoka. Bomu liliipata meli: likatoboa sitaha tatu, likatokea ubavuni, likalipukia majini. Alipokuwa akijitahidi kurudi baharini, Spitfire za 602 zikamfikia, Pinkerton na McKellar. Aliangukia nje ya Crail, pwani ya Fife. Wenzake wote wa ndege ile walikufa. Yeye aliokotwa baharini, akazinduka akiwa hospitali ya wanamaji Port Edgar.

Upande wa kusini wa ghuba, Gifford na wenzake wa 603 walikuwa wameshaipata Ju 88 ya Hans Storp. Injini moja ilizimwa, mpiga bunduki wake akauawa, ndege ikapiga maji mbele ya Port Seton. Mashua ya wavuvi wa Cockenzie iliwaopoa waliobaki. Storp alivua pete yake ya dhahabu akampa nahodha wa mashua kwa shukrani.

Nani alikuwa wa kwanza, Gifford au Pinkerton? Tofauti ni dakika chache. Kumbukumbu nyingi humpa Gifford, na watu wa Glasgow na Edinburgh wamelibishania hilo miaka yote kama Simba na Yanga wanavyobishania penalti.

Mohawk ilipata hasara ya aina nyingine. Bomu lililipuka karibu, vipande vikafagia sitaha. Kamanda wake, Richard Jolly, alijeruhiwa tumboni, akakataa kuondoka kwenye usukani, akaifikisha meli bandarini, kisha akafa muda mfupi baadaye. Wanamaji 16 walipoteza maisha siku hiyo. Mjini Portobello risasi za Spitfire zilizopotea zilimjeruhi mpaka rangi aliyekuwa kazini.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Ukiondoa shangwe za magazeti, matokeo hayakuwa ya kutisha. Adui alifika, alichagua shabaha, alitupa mabomu, na sehemu kubwa ya ndege zake zilirudi. Rada ilishindwa, ving'ora vilikaa kimya, manowari zilikutwa zimetia nanga. Kama amri ya Hitler isingekuwepo, au kama bomu la Southampton lingelipuka ndani ya tumbo la meli badala ya nje, tungekuwa tunasoma kisa cha aibu ya pili ndani ya siku tatu.

Kilichookoa heshima ni vikosi viwili vilivyokuwa karibu, Turnhouse hatua chache kutoka darajani na Drem mashariki kidogo, vikiwa na ndege ambazo adui hakujua zipo. Pohle alijiandaa kwa nchi yenye ndege za zamani, na kwa kawaida ya majeshi alikuwa sahihi kutegemea hivyo: Uskoti ilikuwa mbali, walinzi wake ni wa akiba. Pia Wajerumani walishambulia mmoja mmoja, si kwa kundi, na hilo liliwafaa sana marubani ambao hawakuwa bado wamepigana. Kumfukuza Ju 88 aliyejitenga kunahitaji mbio na macho. Kupigana na kundi la Messerschmitt, ndege za kivita za Kijerumani, kunahitaji mambo mengine, na hayo walikuja kuyajifunza kwa damu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Forth ilithibitisha kwamba raia anaweza kuwa sawa na mwanajeshi. Ilithibitisha dai dogo zaidi, ambalo kwa mpangaji wa jeshi ni la maana zaidi: askari wa akiba akipewa chombo kilekile cha mstari wa mbele, akiwa na mafundi wanaokijua na mahali anapopajua, pengo linabaki dogo kiasi cha kuzibwa na wiki chache za kuitwa kazini. Gifford angekuwa bado kwenye Gladiator, ndege ya mabawa mawili ambayo 603 walikuwa nayo kabla, Storp angemwacha nyuma.

Siku chache baadaye Wajerumani wawili walizikwa Portobello kwa heshima za kijeshi, wapiga zumari wa 603 wakiongoza. Oktoba 28 vikosi hivihivi viliiangusha Heinkel karibu na Humbie, ndege ya kwanza ya adui kuangukia kwenye ardhi ya kisiwa kikuu cha Uingereza, na ubishi wa nani apewe sifa ukaanza upya. Maputo ya ulinzi yakatundikwa kuzunguka daraja la Forth.

Baada ya hapo

Mwaka 1940 vikosi 14 vya akiba vilipigana katika mapambano ya anga juu ya Uingereza. 602 kilikwenda Westhampnett, kusini, katikati ya Agosti, kikakaa mstari wa mbele hadi Desemba, muda ambao vikosi vichache sana viliustahimili. 603 kilifika Hornchurch mwishoni mwa Agosti, na siku iliyofuata kikapoteza marubani watatu. Agosti 31 Brian Carbury wa 603, kutoka New Zealand, aliangusha ndege tano kwa siku moja. McKellar, aliyekuwa amehamishiwa kikosi kingine cha akiba, 605, alifanya vivyo hivyo Oktoba 7. Aliuawa Novemba 1. Gifford alishakufa tangu Mei, huko Ulaya bara, akiwa kamanda wa Kikosi 3.

Carbury anatuonyesha jambo ambalo wapenzi wa vikosi hivi hawapendi kulisema: alikuwa ofisa wa kudumu aliyeletwa kufundisha. Wa wikendi walipokufa au kupandishwa vyeo, nafasi zao zilijazwa na watu kutoka kila pembe. Kufikia 603 kinapelekwa Malta Aprili 1942, jina la Edinburgh lilikuwa begani, lakini Edinburgh yenyewe ilikuwa imebaki kidogo sana kikosini.

Baada ya vita viliundwa upya mwaka 1946 kwa mfumo uleule wa wikendi, kwanza na Spitfire, halafu mwaka 1951 na Vampire, ndege za jeti. Mwaka huo, vita ya Korea ikiwa imepamba moto, viliitwa kazini kwa miezi mitatu. Na hapo swali la wapinzani wa Trenchard likarudi, safari hii likiwa na jibu tofauti. Jeti mpya zilikuwa ghali, ngumu kurusha na ngumu zaidi kutunza. Fundi wa karakana hakuweza tena kuja Jumamosi akaelewa kila kilichomo ndani. Serikali haikuwa tayari kuwapa akiba ndege za mstari wa mbele, na kuwaacha na Vampire zilizopitwa na wakati kulikuwa kuwalipa watu kwa kazi isiyokuwepo. Machi 10, 1957 vikosi vyote vya ndege vya akiba vilivunjwa siku moja.

Jina la 603 lilirudishwa mwaka 1999, la 602 mwaka 2006. Wanachama wake bado ni watu wenye kazi zao nyingine, bado hukutana jioni na wikendi, bado hupelekwa nje kusaidia jeshi la kudumu. Majukumu yao ni ya ardhini, ndege hawana.